Kiti Hakina Bolti

Kinanda kina miguu mitatu, kila mguu na bolti yake.
Kiti hakina bolti. Na mimi ndiye wa kiti.
Meli ikilalia kushoto naifuata besi nisipende,
ikirudi, wimbo wa mapenzi unapanda juu
kama mlevi anayetafuta ngazi.
Wateja wanapiga makofi. Wanadhani ni mtindo.

Saa nne asubuhi mimi si mwanamuziki.
Ni jaketi la rangi ya chungwa na kibao cha namba saba.
Nawafundisha wastaafu wa Ohayo
kufunga kamba kifuani, kuvuta, kupuliza filimbi.
"Na bendi inaokolewa lini?" mmoja ananitania.
Kila wiki ni mwingine, utani ni ule ule.
"Baada ya wimbo wa mwisho," nami najibu.
Kucheka kumo kwenye mkataba.

Chumba chetu kiko chini ya mstari wa maji.
Hakina dirisha; alfajiri inaletwa na simu.
Kitanda cha juu analala Arnel wa Iloilo, mpiga ngoma,
na hata usingizini vidole vyake vinagonga ubao,
nami huku chini nahesabu, moja, mbili, tatu, nne,
hadi nasahau nilikuwa naota nini.

Agnelo wa besi ana daftari la siku zilizobaki.
Ineta anafunga skafu shingoni mwezi wa Julai
na hasemi na mtu kabla ya saa kumi jioni:
koo, anatuandikia kwenye karatasi, ndilo shamba langu.

Usiku, seti nne.
Mama wa meza ya sita anataka wimbo wa harusi yake.
Jina halikumbuki, maneno hayakumbuki,
ananipa pumzi tu: mm-mm, mm.
Naupata. Siku zote naupata.
Nyimbo za harusi za watu ni tatu,
zinabadilishana nguo.

Jumanne Ralitsa wangu alitimiza miaka sita.
Melini intaneti inauzwa kama dhahabu, kwa vipande.
Akanionyesha keki, akavuta pumzi apulize,
picha ikaganda.
Mashavu yamejaa, mshumaa wima,
nikabaki nautazama ule moto usiotikisika
mpaka salio likaisha.

Ketchikan, mvua.
Abiria walikwenda kutazama samoni,
mimi nikatafuta mlango wowote usiouza kitu.
Ukumbi wa kanisa. Viti juu ya viti,
na kinanda cha ukutani, meno mawili hayalii.
Mama mmoja, Verna, alikuwa anapiga deki.
Aliniangalia mikono, akasogeza ndoo.

Nikakaa. Hakuna aliyeniomba chochote.
Mikono ikaleta seti ya kwanza, nikaikataa.
Ikaleta ya pili. Ya tatu. Ikaleta mm-mm, mm.
Kisha ikanyamaza, kama watumishi waliokwisha sinia.

Basi nikabonyeza noti moja tu, ya katikati.
Baba, kule Ruse, aliiita noti ya mlango:
ukishabisha, mwanangu, ngoja.
Nikangoja.
Sakafu haikuinuka.
Mwili wangu ukainama kushoto peke yake,
unaisubiri bahari ambayo haimo.

"Ninyi wa melini," Verna akasema, akikamua tambara,
"nyote mnakaa hivyo hivyo."
Akarudi kwenye deki yake.
Nikabonyeza tena. Nikangoja tena.
Honi ya saa kumi ikanikuta mkono u pale pale.

Leo meza ya sita ameketi mwingine, mwenye fimbo.
Arnel anainua vijiti, Ineta anafungua skafu.
Kabla hawajahesabu nne, naigusa ile noti, taratibu,
isisikike zaidi ya glasi.
Agnelo anageuka: "Unajaribu nini?"
"Mlango," nasema.

Kiti kinaanza kuteleza.
Naam, bwana. Huo naufahamu.